Utani Mbele ya Mgeni

Siku isiyotaka kunitoka, mwanangu, ni Jumamosi moja ya msimu wa korosho, miaka mingi nyuma, kule Masaki. Nasema Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, siyo hiyo yenu ya Dar yenye maghorofa na magari ya vioo vyeusi. Nilikuwa mwanafunzi wa sheria, msichana mwembamba kama ufagio, na nilidhani najua kila kitu. Leo nimestaafu kufundisha, nakaa zangu hapa Kibaha na magoti yangu mabovu, na mengi niliyoyajua yamekwenda na miaka. Ila siku ile imebaki nzima. Nitakusimulia taratibu, Idrisa, nawe weka simu pembeni, na mwisho utaelewa kwa nini nimekuita peke yako bila wenzako wanaokuja hapa barazani kwangu kila Jumamosi.

Mwalimu wetu aliitwa Profesa Mwinshehe. Alikuwa Mzaramo wa hapo hapo Masaki, mtoto wa wakulima, alikwenda kusoma nchi za baridi na akarudi anapenda muhogo vilevile. Darasani alikuwa mkali, hatukuthubutu hata kukohoa. Lakini Jumamosi alitualika nyumbani kwake, wanafunzi wachache tu, na mkewe, Bi Mwanahawa, alitutandikia jamvi upenuni. Tuliletewa muhogo wa kuchemsha, chai ya mchaichai, na korosho zilizokwisha kuchomwa ili tuzibangue. Mikono inabangua, midomo inajadili makala: fulani kaandika nini kuhusu ardhi, hoja yake inasimama au inategemea tanbihi tu, na je, hukumu anayoinukuu aliisoma au alihadithiwa?

"Jamvini hapana maksi," Profesa alikuwa akisema, "kwa hiyo hapana sababu ya kuniogopa."

Shikamoo tulimpa, hiyo haikuondoka. Lakini akishaitikia marahaba, uliruhusiwa kumwambia kwamba nusu ya makala yake haina maana, naye atakusikiliza huku anatafuna. Mimi nimefundisha maisha yangu yote na nakuambia, sheria niliyoipata pale jamvini ni nyingi kuliko ile ya darasani.

Aliyeitumia ruhusa hiyo kutushinda wote ni Maganga. Alikuwa kijana mrefu wa Tabora, Mnyamwezi, mwenye sauti nzito na shati moja la kijani alilolifua kila Ijumaa kwa ajili ya kuja Masaki. Sisi wengine tulitaka uwakili, ofisi, gari. Maganga alitaka kitu kimoja tu duniani, awe mwalimu wa chuo. Alitaka kusimama mbele ya darasa na chaki yake, na jioni akae aandike. Alikisema waziwazi bila haya, kama mtu anavyotaja jina la mchumba.

Sasa, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, hilo unalijua angalau kwa kusikia. Nyie wa siku hizi mnadhani utani ni kuchekeshana tu. Sisi tulikulia ndani yake, na ulikuwa na taratibu zake. Mtani anaweza kukuita mwizi, mchawi, mvivu, mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye uliyekosa adabu. Akifa mtu kwenu, mtani ndiye anayekuja kufanya vituko msibani, anazuia jeneza, anagoma mpaka apewe kitu, watu wacheke kidogo katikati ya kilio. Kwa hiyo Profesa na Maganga walikuwa mwalimu na mwanafunzi darasani, lakini jamvini walikuwa watani, na walirushiana maneno mpaka tukashika mbavu. Ukiwaona wawili wale usingejua nani anampenda mwenzake zaidi.

Profesa alikuwa ameandika makala iliyompa jina. Ilihusu desturi ya huku kwetu ya kutenganisha ardhi na miti, kwamba shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na mikorosho iliyomo ikawa ya mwingine aliyeipanda, na kwamba mahakama ziiheshimu desturi hiyo. Ilikuwa makala nzuri kweli. Maganga aliipenda mpaka akaikariri. Kisha akaanza kuitilia shaka. Akaenda Kibuta, jirani na Masaki, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akiwauliza wanawake wajane: ile mikorosho uliyoipanda kwa mkono wako, mumeo alipofariki, wazee walisema ni ya nani? Jibu lililorudi ni kwamba mti uliopandwa na mwanamke ulihesabiwa kuwa wa mume. Profesa alikuwa amezungumza na wazee wa kiume peke yao, na wazee wa kiume walikuwa wamemweleza desturi ilivyo tamu.

Kabla hujamhukumu Profesa, jua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Maganga aandike. Alimpa hata mahojiano yake ya zamani ayasome. "Andika jibu," alimwambia, "tutalichapa kwenye jarida la idara. Ukinishinda, nafasi ya mhadhiri msaidizi ikitangazwa wewe ndiye wa kwanza." Maganga hakulala vizuri mwezi ule. Alinisomea sehemu za kazi yake pale maktaba, na mimi nilizisikiliza kwa wivu, nisikufiche.

Jumamosi ile alikuja na makala iliyokamilika. Na siku hiyo jamvini palikuwa na mgeni, Dokta mmoja aliyehamia idarani kwetu muda si mrefu. Alikuwa mtu wetu kwa damu, ila amekulia ughaibuni, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Alikuwa mstaarabu sana, alivua viatu, alikaa jamvini bila kulalamika, akabangua korosho vibaya akachafua vidole. Tulijua pia kwamba atakuwa kwenye kamati ya kuajiri, kwa hiyo Maganga alisoma kwa uangalifu, sauti imetulia, hoja moja baada ya nyingine. Alipomaliza, mikono yetu ilikuwa imezisahau korosho. Sote tuliona kwamba makala maarufu ya Profesa imetobolewa, na imetobolewa kwa heshima, jambo ambalo huuma zaidi.

Mgeni akamgeukia Profesa. "Unasemaje, Profesa?"

Profesa akacheka. "Niseme nini? Mnyamwezi huyu mwizi! Makala yote kaiiba kwangu. Nilimkaribisha ndani, nikampa muhogo, akaondoka na hoja zangu mgongoni. Si kazi ya mababu zake hiyo, kubeba mizigo ya watu?"

Tukaangua kicheko. Maganga naye, kama mtani alivyotakiwa, hakukubali kushindwa. "Nimeiba, ndiyo!" akasema. "Lakini nyumba ya Mzaramo ina nini cha kuiba? Nimekuta ngoma na kesi za talaka. Nilichopata hakikujaza hata kurasa mbili!"

Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka, wenzangu walicheka, Profesa aligaragara. Mgeni peke yake ndiye aliyetabasamu kidogo, akatazama makala ile mikononi mwa Maganga, kisha akatazama vidole vyake mwenyewe vilivyochafuka. "Kwa hiyo ni kweli?" aliuliza polepole. Na Profesa, bado anacheka, akamjibu, "Si umesikia mwenyewe amekiri?"

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Yeye hakucheka. Mgeni alipoaga na gari lake likatokomea, alimwita mumewe, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakusanya vikombe, nilisikia kila neno.

"Baba Shabani," alisema, "yule mgeni hajui utani wetu. Umemwambia mtoto wa watu ni mwizi, na mgeni ameondoka akiamini ni mwizi kweli. Mfuate umweleze."

"Ah, mke wangu. Mtu msomi yule, ameelewa."

"Hakuelewa. Nilikuwa namwangalia usoni. Mfuate sasa hivi, hata kwa baiskeli, utamkuta pale Kisarawe mjini, amesema atasimama sokoni."

"Nitamwambia Jumatatu," Profesa akasema, akaingia ndani.

Jumatatu hakumwambia. Wala wiki iliyofuata. Kamati ikakaa, na Profesa hakuwemo kwa sababu Maganga alikuwa mwanafunzi wake. Mgeni yule, kwa nia safi kabisa, nami simlaumu mpaka leo, alieleza alichokisikia: kijana huyu alikiri mbele yangu kwamba kazi si yake. Nafasi ikapewa mtu mwingine. Katika dunia yetu ya kuandika, mwanangu, hakuna doa baya kama hilo. Mlevi husamehewa na mkorofi huvumiliwa, lakini ukisemwa kwamba umeiba maandishi ya mtu, hata salamu zako hupokelewa kwa mashaka. Ile makala ya Maganga haikuchapwa kamwe. Ilikaa mezani kwa Profesa, kisha ikakaa kabatini, kisha hakuna aliyeuliza tena.

Habari zilipotufikia, nilidhani Profesa atakwenda kupiga meza. Alisema atakwenda. Baadaye akasema nafasi imeshajazwa, aeleze nini tena, ngoja itangazwe nyingine mwakani. Na Maganga angelalamika kwa nani? Angesema nini? Kwamba mtani wake amemtania? Ndipo nilipoona jinsi kamba ile ilivyokuwa imemfunga. Akinyamaza, yeye ni mwizi. Akisema, yeye ni mtani aliyenuna, tena aliyenunia mwalimu wake. Akachagua kunyamaza. Jumamosi iliyofuata hakuja Masaki. Bi Mwanahawa alimwekea kikombe, na kikombe kikarudi ndani kama kilivyotoka.

Maganga akawa mwalimu wa uraia katika sekondari moja hapa hapa Kibaha. Mwalimu mzuri, wanafunzi walimpenda. Lakini hakuandika tena. Niliwahi kumuuliza, akaniambia mkono umesahau. Kutoka Kibaha hadi Masaki si safari ya kuaga watoto, lakini miaka ilipita, kumi na kumi mingine, na hakuna kati yao aliyeivuka. Walitumiana salamu tu kupitia kwangu. "Msalimie mtani wangu, mwambie bado nazisubiri korosho zangu." "Mwambie mzigo wake uko hapa, aje aubebe." Mimi nilizipeleka na kuzirudisha salamu hizo, nikijidanganya kwamba watu wanaotaniana hawajagombana.

Profesa alipozeeka, macho yakapungua, nilikuwa nakwenda kumsomea. Alasiri moja tulikuwa upenuni palepale, nikiwa katikati ya hukumu fulani ndefu, akanishika mkono.

"Tabitha. Siku ile haikuwa utani wote."

Sikumuuliza siku ipi.

"Yule kijana alinishinda," akaendelea. "Wakati anasoma nilikuwa natafuta pa kuibomolea makala yake. Natafuta, natafuta, sioni. Nikaona utani. Nikamwita mwizi kwa sababu nilijua hawezi kununa." Akauachia mkono wangu. "Nusu nilitania. Nusu ilikuwa hasira, nikaificha ndani ya utani ili isionekane. Hata mimi mwenyewe sikuiona mpaka mama Shabani aliponiambia mfuate, miguu ikakataa. Kamlete, Tabitha. Mwambie aje."

Nilikwenda kesho yake. Nilimkuta Maganga katika ofisi ya walimu, nywele zimekuwa nyeupe, anasahihisha insha za kidato cha pili. Nilimweleza kwamba Profesa anaumwa na anamwita. Nadhani hapo ndipo nilipokosea, kwamba sikumweleza na yale Profesa aliyoyakiri kwangu. Niliona ni ya Profesa mwenyewe kuyasema, si yangu. Maganga aliweka kalamu chini, akatazama dirishani muda mrefu, wanafunzi wanacheza mpira wa pete huko nje. Kisha akacheka ile sauti yake nzito.

"Mwambie mtani wangu nitakuja siku ya kumzika," akasema. "Nitazuia jeneza mpaka Wazaramo wanipe jogoo."

Nikaupeleka ujumbe ule kama ulivyo. Profesa alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Alipotulia aliuliza, "Anatania, au ndivyo atakavyofanya?"

Nikasema sijui.

"Na mimi siwezi kununa," akasema, akageuza uso upande wa mikorosho. Hakulitaja tena jina la Maganga mbele yangu, na kabla mvua za masika hazijaanza akafariki.

Siku ya maziko uwanja wote ulijaa, Waislamu kwa Wakristo, wakulima na mawakili. Mimi nilikuwa mlangoni na wanawake. Jeneza lilipobebwa, Maganga akatokea kwenye umati amevaa koti la kijivu, akasimama katikati ya njia na kutanua mikono. "Hatoki mtu hapa!" akapaza sauti. "Mnamkimbiza wapi huyu? Bado tuna maneno, mimi na yeye!" Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Wazee wa Kizaramo wakafurahi, wakasema haya, mtani kafika, mleteeni jogoo. Mmoja akaanza kumrushia maneno naye, kama inavyotakiwa.

Maganga alimpita. Alisogea, akaweka mkono juu ya kitambaa kilichofunika jeneza. Tulikuwa tunasubiri kituko. Badala yake tulisikia sauti ndogo, si ile yake nzito, sauti ya kijana wa shati la kijani.

"Profesa," akasema, "mimi sikuiba."

Akalia. Alilia kwa nguvu, mzee mzima, wala hakujifunika uso. Kicheko kikakatika. Mzee mmoja akamshika mkono na kumwambia kwa upole, "We Mnyamwezi, mtani halii. Ukilia wewe, sisi nani atatunyamazisha?" Wakamsogeza pembeni, jeneza likapita. Wengi hawakuelewa alichokisema, walidhani ni uchungu tu unampeleka. Ndani, Bi Mwanahawa alikuwa amesikia sauti bila kupata maneno. Akaniuliza, "Kasemaje?" Nikamwambia. Akavuta kanga, akajifunika uso.

Nilimtafuta Maganga baada ya maziko nikamweleza yote, lile la utani nusu na hasira nusu, na kwamba Profesa alikubali ameshindwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Dada Tabitha, ungeniambia siku ile pale shuleni, ningekwenda kwa miguu." Hakunilaumu. Ila mimi nikikaa peke yangu hapa barazani, hilo ndilo ninalolisikia.

Sasa nakuja kwako, mwanangu. Jumamosi iliyopita Neema alisoma hapa makala yake kuhusu mikataba ya vijana wa bodaboda. Alipomaliza, wewe ukasema, "Hii umeandikiwa na mashine ya akili bandia, wewe umeweka jina tu." Mkacheka. Neema naye akacheka, akasema ndiyo, mimi nimeweka jina, na koma moja. Mlikuwa mnataniana kama mnavyotaniana siku zote, najua. Lakini siku hiyo palikuwa na mgeni, yule Dokta wenu mpya mnayemtegemea kusimamia tasnifu. Mimi nilikuwa namimina chai, nikainua macho, nikamwona ametabasamu kidogo na kuitazama makala ile. Nikaliweka birika chini. Tangu siku hiyo nimempigia Neema simu, ananiambia ana mafua.

Kwa hiyo shauri langu ni hili, nalo ni fupi kuliko hadithi yake. Ondoka hapa uende ofisini kwa Dokta, umwambie kwa maneno makavu, bila kucheka, kwamba ulitania, na kwamba Neema alifanya kazi ile mwenyewe, wiki ngapi kituoni na wale vijana, wewe ni shahidi. Kisha nenda kwa Neema umwombe radhi, usimwombe kwa utani. Njiani jiulize kiasi gani cha ule utani kilikuwa utani. Nakuuliza hivyo kwa sababu makala yake ilikuwa nzuri kuliko yako, nawe ulilijua hilo kabla ya sisi wote. Kushindwa hoja hakuui mtu. Mimi nimeshindwa nyingi na bado nakunywa chai. Sheria tunayoijadili hapa barazani haina faida yoyote ikiwa sisi wenyewe tunamhukumu mwenzetu kwa kicheko, halafu tunamnyima hata nafasi ya kujitetea.

Usiniambie utakwenda Jumatatu. Leo Alhamisi, ofisi ziko wazi, na magari ya kwenda mjini yapo. Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, umkute Dokta hajatoka na Neema hajakata tamaa. Akupe akili ya kushinda hoja na moyo wa kushindwa. Akupe umri mrefu na watani wengi, na siku yako ikifika, huko mbali uzeeni, watani wako wazuie jeneza lako wakicheka wote, asiwepo hata mmoja wa kulia.